Kambi za migodi ya zamani: mbona zinatoka heller za tundu tu, rupia za fedha ziko wapi?

#1 Msaka Chuma
Wakuu, salamu. Nina swali kwa wanaozunguka na ditekta (mashine ya kutafutia metali ardhini) kwenye migodi iliyokufa, na kwa wanaojua sarafu za Mjerumani enzi za ukoloni: rupia ya fedha, na heller ambayo ndiyo chenji yake.

Kuna eneo kanda ya kati, jina silitaji maana nikilitaja wiki ijayo litakuwa mashimo matupu. Wajerumani walichimba dhahabu pale, Waingereza wakaendelea, baadaye pakaachwa. Zimebaki kuta za mawe zisizo na paa, kisima kilichofukiwa nusu, msingi wa saruji wa kinu na vilima vya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa kutolewa dhahabu. Mwenye shamba tumekubaliana, na tunazunguka naye.

Upande wa juu, kwenye nyumba za wazungu, tunaokota misumari, vipande vya kopo, vifungo, kitasa kimoja cha mlango. Upande wa chini, walikolala vibarua, kuna sehemu ndogo kando ya njia iliyokuwa inashuka kisimani. Hapo tumetoa kiganja kizima cha heller 10 na heller 5, zote zina tundu katikati. Miaka niliyoweza kusoma ni 1909 yenye herufi J, 1911 yenye A, na za 1913 na 1914. Moja tu haina tundu, ni ya shaba ya njano, heller 20 ya 1916 yenye T. Rupia ya fedha hakuna. Nusu rupia hakuna, robo rupia hakuna.

Mimi nasema vibarua walilipwa chenji, rupia yenyewe haikufika mikononi mwao. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Kigoda
Nimekaa mbele kabisa. Waje wenye nondo.

#3 Fundi Koili
Kabla ya historia tuimalize mashine. Ni VLF (ya mawimbi mfululizo) au PI (ya mapigo)? Unachuja chuma mashine isikilie, au umeacha wazi? Inawezekana rupia zipo, ila mipangilio yako ndiyo inazificha.

#4 Msaka Chuma
VLF, koili ndogo kwa sababu ya misumari. Sichuji kitu. Udongo ni mwekundu, una kokoto za chuma, kwa hiyo nasawazisha ardhi kila nikisogea kidogo.

#5 Fundi Koili
Basi mashine haina kesi. Fedha inapitisha umeme kuliko metali nyingine yoyote, na rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 za fedha ya 917 kwa 1000. Ikipigwa na koili inatoa namba za juu kabisa kwenye kioo cha mashine na sauti nyembamba. Heller ya tundu ni shaba iliyochanganywa na nikeli, inakaa chini kwenye namba, jirani na karatasi ya sigara na punje ya dhahabu. Anayesikia heller 10 kwenye udongo wa chuma hawezi kuipita rupia iliyo kina kile kile.

Ila kuna jambo moja: msumari. Kambi ikibomoka misumari inamwagika kila mahali, na chuma kikilala juu ya sarafu mashine inasikia chuma peke yake. Ulipopita kaskazini kwenda kusini, pita sasa mashariki kwenda magharibi, taratibu, koili ikigusa majani. Kila msumari utoe, usiurudishe shimoni. Ukimaliza kuitoa rudia palepale. Nimeshaona sehemu ambayo watu waliiaga ikianza kutoa upya baada ya chuma kuondolewa.

#6 Babu Reli
Kijana, hoja yako naipinga. Kodi ya Mjerumani ilifika rupia 3 kwa mwaka na ilidaiwa taslimu. Watu hawakwenda migodini, mashambani na kwenye reli kwa mapenzi yao, wengi walikwenda kuitafuta hiyo rupia ya kodi. Kwa hiyo ilifika mikononi mwao, lakini haikukaa. Siku ya mshahara inafungwa kwenye pindo la nguo, inasafirishwa hadi nyumbani, inaishia kwa akida. Kambini kinabaki cha kununulia chumvi, tumbaku na pombe. Kinachodondoka njiani ni kile kinachotumika kila siku, na kila siku ni heller.

#7 Nyundo Butu
Babu Reli umeongea. Lakini Mjerumani si aliingiza heller tangu 1890? Miaka yote hiyo iweje zitoke za 1909 kuja juu tu?

#8 Babu Reli
#7, za 1890 zilikuwa sarafu zilizoitwa pesa, zilitolewa na DOAG, ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na 64 zilikuwa rupia moja. Heller zimeanza 1904, na 100 ndiyo rupia. Za tundu ni za baadaye zaidi: heller 10 imetoka 1908, heller 5 ya tundu 1913. Kabla yake heller 5 ilikuwa shaba kubwa nzito isiyo na tundu, ya 1908 na 1909. Herufi ni mahali ilipogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora.

Hiyo T ndiyo ya kuangalia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Waingereza walifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikuingia tena, rupia za fedha zikajificha majumbani. Ndipo zikatoka noti za dharura, na 1916 karakana ya reli Tabora ikagonga heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyopatikana. Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916. Kama hiyo heller 20 ilikuwa pamoja na nyingine, lundo lote halikuwekwa pale kabla ya 1916. Je, ilikuwa katikati yao au pembeni?

#9 Msaka Chuma
Pembeni kidogo, mzee wangu. Kama hatua mbili, upande wa kisima.

#10 Babu Reli
Basi huwezi kuapa kwamba zilianguka siku moja.

#11 Binti Sonara
Naomba niongeze. Kwetu usonara ni kazi ya ukoo. Rupia na shilingi za zamani zililetwa kwa babu zikiwa kwenye kitambaa, zinayeyushwa, zinakuwa bangili na vikuku vya harusi. Fedha ya rupia ni nzuri, inakubali nyundo bila kupasuka. Heller za tundu hakuna aliyezitaka, shaba na nikeli ni ngumu na rangi yake haipendezi shingoni. Sasa ukijiuliza fedha ya nchi nzima imekwenda wapi, sehemu yake kubwa imevaliwa na mabibi zetu. Ardhini zimebaki zile ambazo moto wa sonara haukuzihitaji.

Kwa hiyo kutopatikana kwa rupia hakuthibitishi kwamba watu hawakulipwa. Kunaonyesha tu kwamba kilichokuwa na thamani kiliokotwa.

#12 Mzawa wa Saza
Wote mnazunguka. Jibu ni mabati.

Mimi ni wa Chunya. Pale New Saza, mgodi uliofanya kazi 1939 mpaka 1956, nimeshatoa senti 10 za tundu za Mwingereza zikiwa kwenye mstari, umbali kati ya moja na nyingine unalingana. Nikafikiri ni hazina. Mzee mmoja wa pale alicheka, akaniambia hizo zilikuwa washa, yale maduara ya metali yanayokaa chini ya kichwa cha msumari. Msumari wa bati unahitaji washa ili tundu lisivujishe maji, na senti ya tundu ilikuwa rahisi kuipata kuliko washa yenyewe. Paa likioza na kuanguka, sarafu zinabaki pale lilipokuwa ukingo wa nyumba.

Msaka, angalia tundu kwa lenzi. Kama lilipigwa msumari, ukingo upande mmoja umebonyea kwenda ndani, na utakuta duara la kutu kulizunguka.

#13 Kigoda
Duh. Hii ya washa sijawahi kuisikia.

#14 Msaka Chuma
Mzawa wa Saza, nimezitoa kwenye bahasha nimeziangalia moja moja kwenye mwanga wa jua. Baadhi zina hicho ulichosema: ukingo umelala upande wa taji, upande wa pili umetokeza kidogo, na kutu ya msumari imeacha duara la kahawia ambalo kucha haliondoi. Lakini nyingine tundu ni safi kabisa, ukingo mviringo kama ulivyotoka kiwandani, ila umelainika kwa ndani. Na zile za kutu na zile safi zimechanganyika sehemu moja.

#15 Fundi Koili
Mzawa wa Saza akiona tundu lolote anaona bati 😄 Lakini ukingo uliolainika kwa ndani si kazi ya msumari. Hiyo ni kamba.

#16 Binti Sonara
Kamba, naam. Sarafu za tundu zilitungwa. Watu walizibeba kwenye uzi wa katani kiunoni au shingoni kwa sababu nguo hazikuwa na mifuko, na watoto walivalishwa. Nyuzi zikisuguana na tundu muda mrefu zinakula ukingo kwa ndani, tena zaidi upande mmoja, kule sarafu inakoning'inia. Angalia kama ulaji ni sawa pande zote au umeelemea.

Na njia hiyo ilikuwa ya kisimani. Nani anakwenda kisimani kila asubuhi, anainama, anajitwisha? Wanawake na watoto. Uzi unakatika pale pale. Mnawazungumzia vibarua tu, mnasahau kwamba kambi za migodi zilikuwa na wake, wapika pombe na wauza chakula, na hao ndio walioshika chenji nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

#17 Mzawa wa Saza
Uzi ungekatika mtu angeokota. Hakuna aliyekuwa anaacha heller 10 njiani.

#18 Binti Sonara
Alfajiri, kwenye majani? Jaribu.

#19 Mwenye Nyota
Wakuu mwenye rupia ya Mjerumani ile YENYE NGUVU, inayovuta, aje inbox. Mteja yupo, mzigo wa pesa upo. Siyo ya kubahatisha.

#20 Nyundo Butu
Tumeanza.

#21 Karani Mstaafu
#19, rupia haivuti kitu. Ni fedha na shaba kidogo, haishikwi hata na sumaku. Jirani yangu aliuza ng'ombe kulipia "vipimo" vya rupia ya namna hiyo. Mteja hakuonekana, mpimaji akatoweka. Wageni wanaosoma uzi huu: anayetaka umlipe kwanza ili akuletee mnunuzi ni tapeli, hata akija na suti na mkoba. Na kuna hawa wanaovunja vigingi vya wapima ardhi juu ya milima wakidhani Mjerumani alificha kitu chini yake. Kigingi ni zege na alama ya kupimia. Mkikivunja mnaharibu mipaka ya watu.

#22 Fundi Koili
Naungana na Karani. Na wale wanaouza mashine za "masafa marefu", zenye antena inayogeuka yenyewe kuelekea dhahabu iliyo kilomita mbali, msinunue. Ditekta ya kweli inatengeneza uga wa sumaku unaofika sentimita kadhaa chini ya koili, na sarafu moja ikiwa kina cha mkono hadi kiwiko wengi hatuisikii. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza ADE 651, kifaa cha antena alichowauzia hata Iraki kama kipima mabomu. Kilitokana na kitu cha kuchezea cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walikufa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kuamini antena ile. Zinazotembezwa huku migodini zina ukoo ule ule.

#23 Mchenjuaji
Na ditekta feki zenye jina la kampuni kubwa zimejaa. Boksi zuri, kadi ya dhamana ipo, ndani uchafu.

#24 Mtii Sheria
Samahani kuwakatiza. Haya mnayofanya ni halali? Nimesikia kitu chochote cha kale ni cha serikali.

#25 Karani Mstaafu
Swali zuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya 1863. Sarafu za Mjerumani zote ni za baada ya hapo, hazimo kwenye hicho kifungu. Lakini usikimbilie kushangilia. Waziri anaweza kutangaza eneo au kitu cha baadaye kuwa cha kulindwa, na kuchimba kutafuta malikale kunahitaji kibali. Ukitaka kutoa vitu vya namna hiyo nje ya nchi ni habari nyingine tena, uliza Idara ya Mambo ya Kale kwanza.

Dhahabu ina sheria yake, ya Madini ya 2010. Ukitafuta sarafu ukakutana na punje, ile punje si yako kwa sababu tu umeiokota. Madini ni mali ya umma na utafutaji una leseni. Na migodi mingi "iliyoachwa" imeshakatiwa leseni ndogo na mtu. Msaka, kuongea na mwenye shamba ni hatua ya kwanza, ila mwenye shamba na mwenye leseni si lazima awe mmoja. Pita ofisi ya madini ya mkoa uangalie ramani.

#26 Msaka Chuma
Asante Karani. Kwenye ramani nilipita, upande wa kambi uko nje ya leseni ya jirani. Kwenye marudio sigusi.

#27 Mchenjuaji
Umefanya vyema kutogusa marudio, na si kwa sheria tu. Marudio ya zamani yana zebaki, mengine yana arseniki ya kwenye mwamba wenyewe. Vumbi lake likitimka unalivuta. Sayanaidi, ile kemikali ya kuchenjulia dhahabu, jua na hewa vinaimaliza polepole, zebaki haiendi popote.

#28 Mpanda Juu
Mpanda kwetu, ulikokuwa mgodi wa risasi hadi karibu na uhuru, vilima vya marudio bado vipo na watoto wanateleza juu yake. Inaniuma kila nikipita. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi ule, ilifika 1950. Mgodi umekufa, treni ipo.

Na maduara ya zamani jamani, yale mashimo ya wachimbaji. Matimba, magogo ya kuzuia kuta, yameoza, juu pameota nyasi, unakanyaga unajikuta umeshafika. Ukitembea na hedifoni masikioni macho yako chini kwenye koili, huoni shimo. Nendeni wawili. Mkikuta baruti ya zamani inayotoa majimaji au fuwele, msiiguse, rudini mlikotoka mkatoe taarifa.

#29 Mwana wa Isukha
Salamu kutoka Kakamega, wadau wa Bongo. Nimesoma yote. Huku kwetu dhahabu iligunduliwa 1931, wazungu wakafurika, hata sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa 1932 ili wapate kuchimba. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Nimezunguka mashamba ya karibu na hapo kwa ruhusa ya wenyewe, na kinachotoka ni shilingi za simba za Mfalme George na senti za tundu.

Nina nadharia nyingine ambayo hamjaigusa: kamari. Siku ya mshahara wachezaji hukaa kando ya njia, mahali penye kivuli, mbali kidogo na macho ya msimamizi. Polisi au nyapara akitokea, kila mtu anakimbia na pesa zinamwagika. Wanaorudi wanaokota za fedha kwanza maana zinang'aa. Mahali nilipopata senti nyingi kuliko kwingine ni chini ya mti mkubwa, na ndani ya hizo kulikuwa na kete ya mfupa. Hebu Msaka atuambie, hapo kando ya njia kuna mti au kisiki cha zamani?

#30 Msaka Chuma
Kuna mkuyu mkubwa, lakini uko hatua kama thelathini kutoka hapo. Kivuli cha jioni kinafika.

#31 Nyundo Butu
Mwana wa Isukha, shilingi za simba ditekta inazionaje? Nasikia ni fedha.

#32 Fundi Koili
Za kuanzia 1921 mpaka 1946 ni fedha ya 250 kwa 1000, robo tu. Zinapiga juu, lakini hazina ule ukali wa rupia. Za baadaye fedha haimo kabisa.

#33 Mwana wa Isukha
Naam. Na nina senti 10 yenye jina la Edward VIII, mwaka 1936. Yule mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaacha kiti Desemba. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikufika mikononi mwa raia, lakini zetu za tundu hazina picha ya uso, ni jina tu, kwa hiyo zilitoka na zikatumika sokoni.

#34 Kigoda
Uzi huu unalipa.

#35 Mjukuu wa Mganga
Mnaikwepa ile ya wazi. Kisima. Watu waliomba maji yasikauke, na wachimbaji waliomba mwamba usiwaangukie. Sadaka ndogo inatupwa unapopita. Hutupi rupia, unatupa heller. Mahali pa kutupia panakuwa pamoja kwa miaka, ndiyo maana za 1909 na 1916 zinakutana.

#36 Mzawa wa Saza
Na zenye alama ya msumari? Mtu alibandua paa aende akatoe sadaka?

#37 Mjukuu wa Mganga
Aliokota yoyote aliyoipata. Sadaka haiulizwi ilitoka wapi.

#38 Mchenjuaji
Mimi nina jibu lisilohitaji watu wala mizimu: maji. Njia inayoshuka mlima ikiachwa inageuka korongo dogo. Mvua za miaka 100 zinasomba kila kitu kutoka kambini na kukishusha. Udongo mwepesi unakwenda, kizito kinanasa penye kizingiti, mzizi au jiwe, vilevile tunavyonasa dhahabu kwenye mwalo, ule mfereji wa kuoshea mchanga. Za washa na za kamba zikichanganyika sehemu moja, maana yake zimetoka nyumba tofauti na zimekutana njiani. Msaka, zilikuwa kina gani, na zilikaa juu ya nini?

#39 Msaka Chuma
Zilikuwa kina cha kiganja, chache zaidi ya hapo. Chini yake kuna udongo mgumu wenye kokoto, juu yake tifutifu la kahawia. Kwenye lile tifutifu kuna mkaa, vipande vya chungu na kioo cha kandili kilichoyeyuka ukingo. Misumari imo pia, ila midogo. Mirefu haimo.

#40 Mchenjuaji
Midogo imo, mirefu haimo? Hayo ni maji yamechagua. Mazito yamebaki juu mlimani.

#41 Fundi Koili
Mkuu, kizito si ndicho kinachokaa na chepesi ndicho kinachokwenda? Basi rupia, gramu 11.66, ilipaswa kubaki kule juu kambini. Msaka, umepiga koili kwenye kambi yenyewe au umeng'ang'ania njia?

#42 Msaka Chuma
Kambi yenyewe imepandwa mihogo. Mpaka ivunwe.

#43 Binti Sonara
Kioo kilichoyeyuka ukingo ni moto mkubwa, si wa kupikia. Nyumba iliungua. Nyumba ikiungua, mwenyewe anarudi kwenye majivu anatafuta alichokificha, na anatafuta fedha. Heller zinabaki kwenye majivu.

#44 Nyundo Butu
Nauliza nje ya mada kidogo. Ile sarafu ya dhahabu ya tembo, iligongwa Dar es Salaam, sivyo? Kuna mtu ananiuzia.

#45 Babu Reli
Tabora, si Dar es Salaam. Rupia 15 za dhahabu, 1916, karakana ile ile ya reli, na dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Upande mmoja tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake, upande wa pili tai. Uzito gramu 7.168, dhahabu 750 kwa 1000. Zilitolewa zaidi kidogo ya 16,000, na mnadani inafika maelfu ya dola, ndiyo maana feki ni nyingi. Ipime kwenye mizani ya sonara kabla hujatoa hata senti. Ya shaba iliyopakwa rangi haifiki uzito huo kwa ukubwa ule.

#46 Kigoda
Kumbe Sekenke! Msaka Chuma, kanda ya kati, Mjerumani, dhahabu... tumeshakujua.

#47 Msaka Chuma
Kanda ya kati ni kubwa 🙂 Sisemi ndiyo, sisemi siyo.

#48 Mwenyeji wa Ziwa
Geita nayo ni ya Mjerumani, njooni huku mtafute.

#49 Karani Mstaafu
Mjerumani aliiona dhahabu ya Geita 1898, lakini mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi 1936 hadi 1966, enzi za Mwingereza hadi baada ya uhuru. Na leo pale ni eneo la leseni lenye ulinzi. Usiwaite watu wakaingie matatani.

#50 Mwana wa Isukha
Msaka, umezisafisha kwa nini? Nisije nikasikia ndimu na brashi ya waya.

#51 Msaka Chuma
Maji yaliyochemshwa yakapoa na mswaki laini, basi. Zenye kutu ya msumari sijazigusa kabisa, maana ile kutu ndiyo ushahidi wa Mzawa wa Saza.

#52 Mzawa wa Saza
Hapo umenifurahisha.

#53 Babu Reli
Naomba tuwe waangalifu na miaka. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unakuambia haikuanguka kabla ya hapo, haukuambii ilianguka lini. Ile reale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ina 1780 na imeendelea kugongwa na mwaka huo huo karne zilizofuata. Sarafu za Kilwa za shaba ziliokotwa na mwanajeshi huko visiwa vya Wessel, Australia, 1944, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Heller za tundu zingeweza kutumika kama washa au mapambo miaka mingi baada ya shilingi kuingia 1921, wakati hazinunui tena kitu. Hilo linaniweka mimi nje ya hoja ya mshahara, yangu na yako Msaka. Inawezekana lundo ni la wakati wa Mwingereza, mtu amezikusanya kwa sababu ni kipande cha metali chenye tundu na hakina bei.

#54 Mzawa wa Saza
Ndiyo! Fundi wa paa na kopo lake la washa. Amepita njiani kuchota maji, kopo limepinduka. Nyingine zimeshatumika, amezibandua paa la zamani. Nyingine zilitoka kwenye kamba za akina mama, hazijatumika. Zote kopo moja.

#55 Binti Sonara
Na mkaa? Na kioo kilichoyeyuka?

#56 Mchenjuaji
Vimeshushwa na maji.

#57 Fundi Koili
Msaka, kabla mihogo haijavunwa fanya hivi. Chora njia yote kwenye karatasi, weka kila sarafu mahali ilipotoka, na pembeni andika N kwa ya msumari, K kwa ya kamba. Kama N zote zimeelekea upande mmoja na K upande mwingine, Mchenjuaji ameshindwa. Na ile misumari midogo usiitupe, pima unene wake. Kama haipiti kwenye tundu la heller 5, habari ya mabati tutaizungumza upya.

#58 Msaka Chuma
Misumari ninayo, imo kwenye ndoo. Mingi ina kichwa bapa, na mitano hivi imejikunja ncha. Tundu la heller 5 inapita bila shida. La heller 10 inacheza ndani.

#59 Mzawa wa Saza
Ikicheza unaipinda kichwa. Mafundi wote wanajua.

#60 Mwana wa Isukha
Kete ya mfupa haiitikii ditekta, Msaka. Pitisha lile tifutifu kwenye chekeche kabla hujarudisha udongo.